Kitulo kwa miguu siku moja: nendeni msimu wa mvua, ila mlale Matamba

Nilikwenda Kitulo, uwanda wa juu wa maua kusini mwa Tanzania, katikati ya Januari, safari ya siku moja ya kutembea, usafiri na mwongozaji vikiwa ndani ya bei ile ile. Wanaosita kwa sababu ya mvua nawaambia wasisite. Mvua ndiyo inayoyaleta maua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Septemba jua lipo na njia ni kavu, lakini hutaona uwanda ule nilioukuta mimi.

Nianze na lililoniudhi. Tuliambiwa gari litatuchukua Chimala, mji mdogo ulio chini ya milima, saa kumi na mbili asubuhi, likafika saa mbili na nusu. Barabara ya kupanda Matamba, makazi yaliyo karibu na hifadhi, ina kona 57, ndiyo maana inaitwa Hamsini na Saba, na si ya kukimbiza gari. Tulipoanza kutembea ilikuwa inakaribia saa tano. Kule juu, takribani mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, mawingu hujikusanya mchana. Saa nane mvua ikatukuta hata hatujafika kwenye pengo la vilima viwili tulikopanga kula. Tulikula tumesimama, migongo tumeipa upepo. Muda ule wa asubuhi tuliupoteza bure, na kwa kweli iliniuma.

Mwongozaji, lakini, nampa alama zote. Hakutukimbiza kufidia ucheleweshaji wa wenzake. Tulikuwa tumepiga hatua chache tu kutoka kwenye gari aliponinyooshea fimbo mbele ya miguu: "Usikanyage hapo, dada." Mimi niliona nyasi. Nikapiga magoti, ndipo nikaiona okidi isiyozidi urefu wa kidole, vijiua vyeupe vimepandana kwenye bua moja, kila kimoja kama punje ya mchele, na tone la maji limening'inia kwenye kile cha chini kabisa. Nilipoinuka nikaziona kila upande! Nyingine zilikuwa nusu mita tu kutoka nilipokuwa nimeegemeza begi.

Alitueleza kwamba Kitulo ina aina zipatazo 45 za okidi, na kwamba ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kilichonigusa zaidi ni habari ya viazi vya okidi: watu huvichimba na kuviuza hadi Zambia, vinakopikwa chikanda, chakula cha viazi hivyo vilivyosagwa pamoja na karanga. Ukichimba kiazi, mmea wote umekwenda. Tangu aseme hivyo nilitazama kila ninapokanyaga.

Begi la mgongoni nililokodi kwa waandaaji wa safari halikuwa na kifuniko cha mvua, sweta langu likalowa chapachapa. Bebeni mfuko wa plastiki mgumu wa kufungia nguo ndani ya begi, pamoja na koti la mvua la kweli na soksi za akiba. Baridi ya kule si ya mchezo.

Tulifika kwenye pengo saa tisa. Mawingu yalifunguka kama dakika kumi hivi, mteremko mzima ukawa wa njano, na kundi letu zima likanyamaza. Kisha ukungu ukarudi, tukageuka.

Februari narudi, kwa mwongozaji yule yule nikimpata. Safari hii nitapanda Matamba siku moja kabla, ili saa moja asubuhi niwe tayari kwenye nyasi.