Siku saba na gari la kukodi Namibia

Nilikodi gari dogo mjini Windhoek kwa siku saba, kwa sababu mabasi na teksi za pamoja za Namibia hufuata zaidi barabara kuu zinazounganisha miji, na anayetaka kufika Sossusvlei, kwenye matuta ya mchanga ya jangwa la Namib, kwa usafiri wa umma hana pa kuanzia.

Kwenye lami sina ugomvi na gari hilo. Kutoka Windhoek hadi Swakopmund, sehemu kubwa kwa barabara ya B2, takriban kilomita 360, lilikwenda bila kusumbua, na kwa Mtanzania aliyezoea kushika kushoto hakuna cha kujifunza upya. Mtihani ulianza nilipotoka Walvis Bay na kushika barabara ya C14 kuelekea Solitaire, kwani changarawe ya huko imejikunja kama bati la nyumba: ukienda taratibu unatikiswa hadi meno, ukikaza mwendo usukani unakuwa mwepesi na gari linataka kuteleza. Mkataba ulinikataza kuzidi kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe, na kifaa kilichofungwa ndani kililia kila nilipozidisha. Kilinikera mpaka nilipofika kwenye kona za bonde la Kuiseb.

Mbele kidogo ya kibao cha Tropiki ya Kaprikoni, jiwe lilichana ubavu wa tairi la nyuma. Jeki ilizama ardhini mara mbili kabla sijaiwekea jiwe bapa chini yake, na kwa muda wote huo yalipita magari mawili tu, ambayo madereva wake walisimama na kuniuliza kama nina maji. Tairi la akiba lilinifikisha Solitaire, penye kituo cha mafuta na pai ya tufaha inayosifiwa na kila msafiri (nilikula vipande viwili), lakini fundi aliliangalia lile lililochanika akatikisa kichwa.

Niliporudisha gari ndipo nikaelezwa kwamba bima niliyouziwa kwa jina la bima kamili haihusu matairi wala vioo. Mhudumu aliyetumia dakika kumi kunionyesha mikwaruzo ya milango hakuwa ameligusia hilo hata kwa neno moja, nami nikalipia tairi zima.

Nitakodi tena Namibia, ila nitachukua gari lililoinuka, lenye matairi mawili ya akiba, na jeki nitaijaribu palepale uani kabla ya kutia sahihi.