TAHADHARI: Hilo darasa la useremala la laivu ni utapeli, nimepigwa 395,000

Jamani, naandika haya mikono inatetemeka kwa hasira. Kama kuna mtu amekutumia tangazo la kujifunza useremala laivu kwenye simu, masomo 8 ya kila Jumamosi saa 3 usiku, lenye picha ya mikono iliyoshika randa ya kulainishia mbao, juu ya ubao wa mninga, USILIPE. Mimi nimelipa 395,000. Sina somo, sina patasi, na namba zao hazipokelewi.

 Tangu tumzike mzee wangu, baba, vifaa vyake vyote vya useremala viko kwangu, nami nilisema sitauza hata kimoja. Nilitaka kujifunza. Hapa Kihonda, Morogoro, nimejaribu karakana mbili. Ya kwanza nikaambiwa dada kaa hapo upige msasa, nikapiga msasa wiki tatu na patasi sikushikishwa. Ya pili sitaki hata kuisema. VETA, chuo cha ufundi, nilikuwa naifikiria, lakini kwa mtoto huyu niliye naye kifuani, asubuhi nzima ningeitoa wapi? Sasa likaja tangazo linasema kina mama karibuni, tunafundisha usiku mkishalaza watoto. Lilinikuta pale pale panapouma.

Na mtu asiniambie nilidanganyika kwa sababu sijui mbao. Nimekulia kwenye maranda. Mninga na mkongo naitofautisha kwa harufu. Somo la kwanza, lile la bure, lilikuwa somo la kweli kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Kamera ilikuwa juu ya mikono tu. Akapitisha kidole kwenye ubao taratibu, sauti ikasema papasa kwanza ujue nyuzi zimelala upande gani, ukiranda kinyume chake mbao itachanika na msasa hautakuokoa. Kisha akasukuma randa mara moja tu, mkono haukutikisika, yakatoka maranda membamba kama ganda la kitunguu. Akaokota moja, akaliinua kwenye mwanga, mwanga ukapita. Baba alikuwa akifanya vile vile. Kile kitendo chenyewe, kuliinua na kulitazama. Nilibaki nimeshika simu, chozi linanitoka.

Saa 4 na dakika kumi usiku ule ule nikapigiwa. Kijana, sauti ya upole, dada yangu shikamoo, nimeona uliandika una randa ya marehemu mzee. Akaniuliza mwili wake ni wa mti au wa chuma. Nikamwambia wa mti. Akasema hiyo usiiuze dada, hiyo ni urithi, lakini kisu chake kitakuwa kimeisha, nitakufundisha kukinoa mwenyewe mpaka unyoe nywele za mkono. Mtu aliyeniambia maneno hayo ningemfikiriaje mwizi? Tukaongea karibu nusu saa. Mwishoni ndipo akasema zimebaki nafasi 2, ada ni 120,000, na seti ya vifaa ili twende sawa darasani ni 260,000: patasi 4, guni la kupimia pembe, msumeno, kinoo na jiliwa dogo la kubania mbao, la kufunga mezani. Nauli ya mzigo kwa basi 15,000. Nikamwambia nitalipa kesho. Akasema sawa dada, ila kuna mama mmoja wa Dodoma yuko kwenye laini nyingine anataka nafasi hiyo.

Nikaingiza namba. Likaja jina la mwanamke. Nikamuuliza, mbona si jina lako? Akajibu bila kusita, huyo ni mhasibu wetu. Kidole kilikaa juu ya namba ya siri, nakumbuka kabisa, taa ya sebuleni imezimwa, mtoto anakoroma pembeni. Nikabonyeza. Ile ilikuwa hela ya kikoba, na dada zangu wa kikoba nimeshawaambia ukweli wote, nitarudisha.

Alhamisi nikatumiwa picha ya risiti ya mzigo. Ijumaa saa 12 asubuhi niko stendi ya Msamvu na mtoto mgongoni. Basi likaingia, kondakta akatazama ile picha, akasema dada, hiki kitabu cha risiti si chetu, sisi zetu za kijani. Akafungua buti zote mbili nione mwenyewe. Nilisimama pale mpaka lile basi likaondoka.

Nikapiga, akaniambia mzigo umepitiliza Dodoma, utarudi, wewe usikose darasa. Nikamwamini TENA. Jumamosi nikaingia. Mikono ile ile. Sauti inasema naona Arusha mmeingia, Dodoma karibuni. Nikaandika swali, randa yangu inachana mbao hata nikifuata nyuzi, kisu nimekitokeza mno? Sauti ikasema swali zuri sana, endeleeni kuuliza. Jibu hakuna. Kuna mahali mkono umeshika guni na sauti inasema patasi, nikadhani mtandao unakwama. Halafu ikasikika adhana. Saa 3 na robo usiku! Isha imeshaadhiniwa zamani. Nikatazama vizuri: kwenye ubao kuna mstari wa jua, jua kabisa, limeingia dirishani. Nikaandika, mwalimu, mbona kwako kuna jua? Haikupita dakika nikatolewa darasani. Dakika ya pili nikatolewa kwenye grupu la WhatsApp. Namba zote mbili nimezuiwa.

Ile ni video ya fundi wa watu, wameiba, wakapachika sauti yao. Fundi yule popote alipo ameibiwa kama mimi.

Wanaoniuliza dalili: hawaonyeshi uso. Jina la malipo si la anayekupigia. Hawajibu swali lako kwa jina lako. Mwambie kabla hujalipa ainue vidole vitatu mbele ya kamera, aliye laivu kweli hatashindwa. Kwenye grupu hakuna anayeweza kuandika isipokuwa wao, na hili nililiona siku ya kwanza. Kuna mengine, nikitulia nitayaandika, sasa siwezi.

Ninachotaka ni wakamatwe. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo vidole vya mtu viko mahali. Yule mwanamke wa kwenye jina aitwe aseme hela zimekwenda wapi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, iwashukie, wafungwe, na kila kilichonunuliwa kwa hela zetu kiuzwe turudishiwe. Mtu anayetumia randa ya marehemu kumwibia binti yake hastahili huruma, simsamehi leo wala kesho.

Nimeshatoa taarifa polisi, RB, namba ya taarifa yangu polisi, ninayo. Namba zao nimezituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Kama na wewe umelipa, hata kama ni ada tu, usione aibu kama nilivyoona mimi siku nne nzima nikinyamaza. Usifute ujumbe wa muamala wala sauti zao. Nitumie ujumbe, tuongeze majina kwenye jalada.