Kadi mpya ya Wi-Fi, waya uliochoka: uzoefu wangu hapa Goma

Kadi niliyonunua, yaani kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachoshika mtandao wa Wi-Fi, ni Intel Wireless-AC 7260, ya mtumba, dola 15 kwa muuza vipuri wa Birere. Nina miezi mitano nayo. Kama ningeandika haya wiki ya kwanza ningewakataza kuinunua, na ningekuwa nimeionea.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, Kifaransa kwenda Kiswahili, na mara nyingi natuma usiku. Nimepanga chumba cha nyuma kwenye parseli moja ya Himbi. Ruta iko sebuleni kwa mama mwenye nyumba, na katikati kuna kuta mbili za mawe ya volkano, yale meusi yenye matundu, unene wake toka kiwiko hadi ncha za vidole. Ajabu ni kwamba simu yangu ilishika mtandao vizuri hata nikiwa kitandani, huku kompyuta yangu mpakato iliyo mezani, hatua mbili tu kutoka hapo, ikiunga na kukata, ikiunga na kukata. Usiku mmoja faili la kurasa arobaini lilikwama karibu na mwisho mara tatu. Nikaifunika kompyuta kwa kitenge, nikakimbia nayo kwenye mvua hadi barazani kwa mama ili nimalizie. Asubuhi yake nikaenda kwa fundi.

Kadi iliyokuwemo ilikuwa ya mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, yenye antena moja, kikomo chake megabiti 150 kwa sekunde. Hiyo 7260, iliyotoka 2013, inashika 2.4 na 5, inatumia antena mbili, na kwenye 5 inafika megabiti 867. Hizo ni namba za kati ya kompyuta na ruta, tafadhali. Kama intaneti unayolipia ni ya pole pole, hakuna kadi itakayoiongezea mwendo.

Kikwazo cha kwanza kilinikasirisha, na bado kinanikasirisha. Fundi alipachika kadi nzima kabisa, kompyuta ikakataa kuwaka: maandishi meupe kwenye kioo cheusi kwamba kadi hii hairuhusiwi. Kumbe waliotengeneza kompyuta yangu waliweka ndani ya BIOS, ile programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, orodha ya kadi wanazozikubali, nyingine zote zinafukuzwa. Mtu amenunua mashine kwa pesa yake, halafu anachaguliwa kipuri! Ikabidi tutafute 7260 ile ile yenye kibandiko cha namba ya kampuni hiyo, na tulizunguka siku nzima kabla ya kuipata. Angalieni umbo pia, maana 7260 iliuzwa kwa maumbo mawili: mini PCIe fupi, ambayo ndiyo yangu, na M.2. Moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine.

Tukaipachika, ikawaka, nikarudi nyumbani na furaha yangu. Nikaandika amri ya netsh wlan show interfaces, ambayo kwenye Windows inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Kadi ya zamani ilinipa 28. Mpya ikanipa 31.

Nilimrudia fundi nikiwa na uchungu. Akaniambia, "Yaya, kadi haina kosa. Tuangalie waya." Akaondoa betri, akabandua fremu ya kioo taratibu kwa kucha. Wengi hatujui kwamba antena za kompyuta hizi zimefichwa huko juu, pembeni mwa kioo, na waya wake unashuka kupitia kwenye bawaba. Hapo kwenye bawaba ndipo tulipoona: waya mweusi umebanwa hadi ukalala bapa, ngozi imechunika, nyuzi za shaba zimesimama kama mswaki uliochakaa. Miaka ya kufungua na kufunga. Na antena ya pili haikuwepo kabisa, kwa hiyo kadi ya mikono miwili ilikuwa inafanya kazi na mkono mmoja, tena mgonjwa.

Alichomoa antena mbili kwenye kompyuta iliyokufa, akazipitisha upya na kuzibandika juu ya kioo. Kazi yote dola 10. Kichwa cha waya ni kidogo kuliko punje ya mchele. Unakiweka sawasawa juu ya kitovu cha kadi, unakandamiza kwa kidole, kinalia "tik". Kikilazimishwa kwa upande kinaharibika, na vichwa hivi havikutengenezwa kwa kuchomolewa zaidi ya mara thelathini hivi. Msiwaache mafundi wajaribu-jaribu.

Jioni ile amri ile ile ilinipa 62. Faili la kurasa arobaini lilikwenda mara moja, nikiwa kitandani.

Nikiwa chumbani natumia 2.4, kwa sababu 5 inachoka haraka mbele ya mawe. 5 naifurahia nikiwa barazani kwa mama. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, fungueni kifuniko cha chini mhesabu waya zinazoingia kwenye kadi, kisha mwombeni fundi akague bawaba. Mimi ningeanza na waya wa dola 10, kadi ingefuata. Kasoro iliyobaki ni mlango wa chuma wa sebuleni: mama akiufunga usiku, nashuka hadi 50. Kwa 50 bado natuma kazi.