Edward na Seretse: nani alilipa zaidi kwa mapenzi?

Edward VIII wa Uingereza alimpenda Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuachana na mume wa kwanza na alikuwa mbioni kuachana na wa pili. Serikali na Kanisa wakakataa mtalaka awe malkia. Tarehe 10 Desemba 1936 akatia saini kung'atuka, ndugu zake watatu wakiwa mashahidi. Kesho yake akaagana na watu redioni. Alikuwa ametawala siku 326 tu.

Seretse Khama, mrithi wa kiti cha Wabamangwato katika Botswana ya leo, alimwoa Ruth Williams, Mwingereza mweupe, mjini London mwaka 1948. Baba yake mdogo Tshekedi, aliyemlea, aliipinga ndoa hiyo. Lakini mwaka 1949, barazani Serowe, Seretse aliwaomba wanaomkubali yeye na mkewe wasimame, maelfu wakainuka. Hapo ndipo naona tofauti kubwa: Edward hakupata nafasi ya kuwauliza watu wake. Waliomzuia Seretse ni Waingereza, waliokuwa wakiitawala nchi hiyo wakati huo na walioogopa kuiudhi Afrika Kusini ya ubaguzi. Wakampeleka uhamishoni, akarudi 1956 baada ya kukana uchifu.

Edward alimwoa Wallis Ufaransa mwaka 1937, na ukiacha ugavana wa Bahamas wakati wa vita, hakupewa kazi ya maana tena. Seretse aliingia siasa, na mwaka 1966 akawa rais wa kwanza wa Botswana. Ruth naye, yule aliyekataliwa, akawa mke wa rais.