Darasa la pumzi la watu wanaoacha pombe, Milimani Nakuru: wiki 8, shilingi 6,000 na ile glasi

Nianze na glasi juu ndio karibu initoe mbio siku ya kwanza. Tumeketi watu 11 kwa ukumbi mmoja hapa Milimani, macho tumefunga, kila mtu ameacha pombe ama anajaribu kuacha, alafu mwalimu anachukua kijiko anagonga glasi. Ting. Ati hiyo ndio alama ya kuanza. Bana! Miaka 14 hiyo sauti nimeisikia nikiwa kaunta, mate yalijaa mdomoni kabla hata sijawaza kitu. Nikafungua jicho moja, nikaona guka mmoja wa Njoro naye amefungua la kwake, tukaangaliana, na yeye ndiye akasema, "Mwalimu, pole kukukatiza, lakini hiyo glasi inatuita." Mwalimu alicheka mpaka akashika meza, akatuomba msamaha, wiki iliyofuata akaja na kifuniko cha sufuria. Hapo ndio niliamua nitarudi.

Mi ni dereva wa tuktuk, sikuwa najua meditesheni ni nini, nilidhani ni mambo ya watalii. Nilielekezwa na sponsa wangu wa AA (AA ni kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, sponsa ni yule aliyetangulia anayekushika mkono). Nimengoja nimalize wiki zote 8 na miezi mitatu juu yake ndio niandike, maana wiki ya pili ningewaandikia matusi tu.

Programu yenyewe ilitengenezwa Seattle huko Marekani, Chuo Kikuu cha Washington, na Alan Marlatt na wenzake Sarah Bowen na Neha Chawla, kazi yake ni kumsaidia mtu ambaye ameshaacha asirudi kwa chupa. Jina la Kizungu ni refu, sisi tunaita darasa la pumzi na yanaisha. Kikao kimoja kwa wiki, masaa mawili. Si dini. Mama mkwe aliposikia neno meditesheni alisema nimeingiwa na majini, akaniambia kama nataka kunyamaza si niende mapango ya Menengai nikaombe kama wengine. Nikamwambia, mama, hata AA iliyoanza 1935 hatua yake ya 11 inataja sala na kutafakari. Akafikiria kidogo akasema sawa, lakini usiache sala. Kwa hivyo huko nyumbani nina ruhusa.

Sa hapa kuna kitu mwalimu alifanya cha akili sana, aliweka darasa saa kumi na moja jioni. Wale wa zamani mnajua, tangu sheria ya Mututho ya 2010, ile ya kudhibiti pombe, siku za kazi baa zinafunguliwa saa kumi na moja, na mwili wangu unaijua hiyo saa kuliko simu. Ikifika kumi na dakika hamsini mkono unaanza kutafuta mfuko wenyewe. Basi badala ya kukimbia hiyo saa tunaikalia. Unakaa kwa kiti, miguu chini, unaangalia pumzi ikiingia na kutoka, kiu ikija huifukuzi na huitii, unaiuliza tu uko wapi kwa mwili. Yangu huwa hapa chini ya koo, kama mtu amenibana na vidole viwili, alafu inashuka kifuani inakuwa moto, alafu viganja vinatoa jasho.

Sasa audio za kufanyia mazoezi nyumbani, hapo nilikasirika. Tuliwekwa kwa grupu ya WhatsApp tukatumiwa rekodi ya dakika 30 ya mama wa Kizungu anaongea polepole kama amelala, ati jione uko ufukweni, mawimbi yanakuja. Mi bahari nimeiona kwa kalenda! Na nyumba yangu ni rumu mbili na watoto watatu, hiyo dakika 30 ya kimya nitaitoa wapi. Najua hiyo ya wimbi ni mfano wa Marlatt mwenyewe, kiu inapanda inafika juu inashuka na wewe unaipanda tu kama wale wa kuteleza na ubao, lakini mtu wa Nakuru mpe kitu cha Nakuru. Tukalalamika tena (darasa letu lilikuwa la kulalamika) ndio mwalimu akasema basi fikirieni mvua ya jioni ikitoka upande wa Menengai, inapiga mabati unadhani nyumba inang'oka, na wewe huwezi kuizima, unasimama tu kwa baraza unaiangalia mpaka iishe. Hiyo ikaingia. Mpaka leo nikishikwa najiambia tu, niko baraza.

Mazoezi nikaanza kufanyia kwa tuktuk nikingoja abiria, dakika kumi, kumi na tano. Siku moja nimefunga macho mama mmoja akagonga akaniuliza, "Baba, umelewa ama unanipeleka?" Nilikuwa na siku 71 bila hata tone. Iliniuma vibaya sana, alafu nikacheka, nikampeleka.

Siku nilijua hii kitu inafanya kazi ni Jumanne moja, abiria ameshukia mbele kabisa ya duka la wainzi, mlango uko wazi, jamaa ndani anafungua mzinga, nikasikia ile krrak ya kifuniko. Nilizima injini. Nikashika usukani nikaanza na pumzi, koo ikabana, moto ukashuka, kichwa kikaanza hesabu zake, ati kwota moja tu, nani atajua, umevumilia sana unastahili. Zamani ningeamini hayo maneno ni yangu. Siku hiyo niliyasikia tu kama makanga wa matatu nyingine anaita watu, mi siendi huko, aite. Nilivyoangalia simu zilikuwa zimepita dakika 18, shati imelowa, na kiu imebaki kidogo tu ya kawaida, ya maji. Nikanunua maji.

Lakini tusidanganyane. Kama bado unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, hili darasa si lako kwanza. Mtu aliyezoea pombe nyingi akikata ghafla anaweza kupata degedege, anaona vitu havipo, na anaweza kufa, hiyo ni ya daktari na dawa, pumzi haiwezi. Mi nilipita hospitali kwanza, na mwalimu anauliza hilo swali kabla ya kuchukua pesa yako, nilimheshimu kwa hiyo. Hata ule utafiti wa kina Bowen wa 2014, watu 286, wote walikuwa wameshamaliza matibabu ya kwanza ndio wakaingia. Baada ya mwaka mmoja kundi la pumzi lilikuwa na siku chache za kutumia pombe ama dawa za kulevya kuliko makundi mengine mawili. Chache, hawakusema sifuri. Kama hujui uanzie wapi pigia NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, namba 1192, ni bure.

Na pumzi pekee pia ina mwisho wake. Wiki ya sita nilikuwa matanga Vihiga, usiku, baridi, chungu cha busaa katikati na mirija imezunguka kama miale, na shemeji ananishikilia kiti, "kaa na wazee bwana, umekuwa mtu mkubwa siku hizi?" Nilijaribu pumzi hapo hapo, nikajaribu baraza, nikaona mvua haishi. Nikaenda nyuma ya ndizi nikampigia sponsa saa sita usiku, tukaongea mpaka bando ya dakika ikaisha akanipigia yeye. Nilipomweleza mwalimu nikidhani nimefeli akasema hapana, ulijua mapema koo imekushinda ndio ukachukua simu. Sijui kama ni kunifariji tu lakini nimeikubali.

Bei ni 6,000 kwa wiki zote, unaweza kulipa mara mbili, mi nililipa hivyo. Chai ipo, mandazi ni ndogo. Stima ilipotea vikao viwili na kusema kweli vilikuwa ndio vizuri zaidi. Tulianza 11 tukamaliza 7, mmoja tunajua amerudi kunywa, bado tunampigia.

Nawapa nyota 4. Moja nimekata ya ile rekodi ya bahari. Mkienda fikeni mapema mchukue viti vya mbao vya dirishani, vile vya plastiki vya nyuma vimepinda miguu, ukishafunga macho unaanza kuteleza polepole kuelekea kwa jirani.