Hita ndogo kwa chumba cha wageni Dodoma: kitanki cha lita 15 au shawa ya umeme?

Chumba cha uani kinachopata mgeni Bunge la bajeti likikaa, kuanzia Aprili hadi Juni, kisha kikafungwa miezi, hakihitaji hita ya lita 80. Madukani utaoneshwa vitu viwili: shawa ya umeme, ile ya kichwa cha plastiki inayopasha maji yakiwa yanapita, na kitanki cha kutundika ukutani cha lita 10, 15 au 30. Shawa ni nyepesi kubeba na nyepesi kufunga, kwa hiyo ndiyo husifiwa kwanza. Kwa chumba cha namna hii sisi tunachukua kitanki cha lita 15 chenye wati 1,500.

Anza na waya. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta ampia 24. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi: waya wa milimita 4 za mraba, au 6 kama chumba kiko mbali, na breka ya ampia 32. Sasa angalia vyumba vya uani vilivyo vingi: umeme umevutwa kutoka nyumba kubwa kwa waya wa 2.5, wakati mwingine 1.5, unaolisha taa, soketi na pasi. Ukiweka shawa hapo breka inakatika mgeni akiwa na povu kichwani. Fundi mvivu ataondoa breka ndogo aweke kubwa, waya abaki nao uleule, na huo ndio mwanzo wa moto darini. Kitanki cha wati 1,500 kinavuta ampia 6.5 tu. Waya wa 2.5 ulio mzima unakibeba, mradi kiwe na swichi yake inayokata laini zote mbili, ya moto na ya nyutro.

Halafu kuna volti. Ikishuka hadi 200, shawa ya wati 5,500 inabaki na wati kama 4,150. Kwa mtiririko wa lita 3 kwa dakika, umeme ukiwa kamili maji yanaongezeka nyuzi 26. Ukishuka, nyuzi 20. Maji yaliyolala kwenye simtanki usiku wa Julai yakitoka na nyuzi 16 yataishia 36, vuguvugu la kumfanya mtu aoge kwa haraka. Kitanki chenyewe hakijali: volti ikishuka, badala ya dakika 28 kitachukua 37 kupasha maji yake kutoka nyuzi 20 hadi 60. Joto ni lilelile.

Jambo zito zaidi ni chumvi. Maji mengi ya Dodoma ni ya visima, ya Mzakwe na vile vya watu binafsi, na ukoko mweupe ndani ya birika unajieleza. Shawa nyingi za bei ya kawaida zina koili iliyo uchi ndani ya maji. Maji yakiwa na chumvi nyingi yanapitisha umeme, na anayeoga anahisi kuwashwa vidoleni akigusa koki. Soma kijitabu cha shawa: mara nyingi kimeandikwa kwamba ukinzani wa maji usipungue ohmu-sentimita 1,300. Kwenye kipimo cha mkononi cha EC, yaani cha uwezo wa maji kupitisha umeme, hiyo ni kama 770 (mikrosimensi kwa sentimita). Maji yako yakisoma zaidi ya hapo, shawa ya kawaida iache dukani. Zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa; kampuni ya Lorenzetti wanazo pia, ila hakikisha boksi lenyewe linasema hivyo.

Na ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja? Kuanzia Mei hadi Novemba udongo wa huku unakauka, na nondo fupi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu haishiki vizuri. Weka RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, iwe shawa au kitanki, ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila mgeni anapokaribia kuja.

Tuseme ukweli kuhusu gharama, maana hapa watu hudanganyana. Kupasha lita 15 ni uniti 0.7, kuoga dakika 8 kwa shawa ya 5,500 ni uniti 0.73. Ni kitu kimoja. LUKU inaliwa pale kitanki kinapoachwa kimewaka siku tatu chumba kikiwa kitupu.

Lita 15 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya nyuzi 20 zinatoa kama lita 30 za nyuzi 40. Hiyo ni ndoo moja na nusu, au dakika sita za shawa inayotoa lita 5 kwa dakika. Wageni wawili wanaofuatana asubuhi wanataka kitanki cha lita 30, na kukisubiri karibu saa nzima kipashe. Cha lita 10 ni cha sinki la kunawia.

Dukani uliza kama kitanki ni cha kufungwa juu ya sinki au chini yake. Cha juu mirija yake inatazama chini. Kikigeuzwa, hewa inabaki ndani, koili inawaka bila maji na kuungua. Kikijaa kinazidi kilo 20, kwa hiyo tumia boliti za kutanuka, si misumari. Valvu ya usalama inakaa kwenye bomba la maji baridi, mshale ukielekea kitanki, na mdomo wake uachwe wazi. Kama maji yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la DUWASA, itadondosha kama glasi moja kila maji yanapopashwa. Usiizibe.

Ndani kuna fimbo ya magnesi inayoliwa na chumvi badala ya kitanki. Ifungue baada ya mwaka wa kwanza. Ikibaki chini ya nusu, badilisha. Koili yenye ukoko iloweke kwenye siki, usiikwangue kwa kisu.

Chumba kikifungwa wiki chache, zima swichi na uache maji ndani. Kikifungwa miezi, funga koki ya kuingizia na umwage yote. Siku ya kurudi, fungua koki ya maji moto mpaka maji yatoke bila kukoroma, ndipo uwashe. Yakinuka kama yai viza, ni maji yaliyolala muda mrefu karibu na ile fimbo: mwaga kitanki kizima, jaza upya, pasha hadi nyuzi 60 na umwage tena.