Dhahabu ya dukani Bukavu kama akiba ya halali: vumbi, kidani au kipande?

Benki zilipofunga milango mashariki mwa Kongo, Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, aliyeweka kila kitu kwenye akaunti alikwama. Kwa Muislamu anayekwepa riba, dhahabu ya mkononi ni kinga nzuri, ila si kila dhahabu ya mjini inafaa.

Vumbi la dhahabu kutoka machimbo ya Kamituga au Shabunda tunalikataa moja kwa moja. Kulinunua kwa mchimbaji bila karte ya negosia (kibali cha mnunuzi wa madini) kunavunja sheria ya madini ya Kongo ya 2002, na tena unalipia madini ya fedha na mchanga uliomo.

Kidani cha karati 18 kinapendeza shingoni, lakini ni akiba dhaifu. Gramu 10 zina dhahabu halisi gramu 7.5 tu, na ujira wa sonara haurudi. Kabla ya kutoa dola, muulize muuzaji: "Nikikurudishia leo hii, utanipa ngapi?" Akinunua kwa 92 alichokuuzia kwa 100, bei sharti ipande karibu asilimia 9 ndipo mtaji urudi.

Tunachopendekeza ni kipande cha karati 24, gramu 5 au 10. Kipime mbele ya muuzaji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha zamisha kipande kikining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Gramu 10 safi zitaonyesha takriban gramu 0.52, ukiona 0.65, hiyo iko jirani na karati 18. Mizani inayosoma 0.1 tu haina kazi hapa, sharti isome 0.01. Tikisa mapovu yatoke, la sivyo dhahabu nzuri itaonekana mbaya. Kipimo hiki hakikamati tungsteni, metali ngumu ya bei ndogo, kwa kuwa msongamano wake ni 19.25 na wa dhahabu 19.3. Asidi kwenye jiwe nayo husoma ngozi ya juu tu. Kwa hiyo chagua kipande chembamba: dhahabu safi hupinda, tungsteni haipindi.

Wengi huharibu kwenye malipo. Baraza la Fikihi la OIC (jumuiya ya nchi za Kiislamu) liliamua mwaka 1986 kwamba noti zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba. Basi "nusu leo, nusu mwisho wa mwezi" haifai. Lipa zote, pokea mzigo hapohapo. Ukibadilisha kidani cha zamani kwa kipya na kuongeza pesa juu, umeingia kwenye riba. Uza cha zamani, pokea dola mkononi, ndipo ununue.

Robo ya akiba inatosha kuwa dhahabu, kwa maoni yetu. Haileti kodi kama chumba cha kupangisha, wala faida kama bidhaa za mudharaba (ubia wa mtaji na kazi), na mwizi huibeba mfukoni.

Zaka inahesabiwa kwa dhahabu safi: nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, ni gramu 85, sawa na gramu 113 hivi za karati 18. Mwaka ukitimia, toa asilimia 2.5 kwa bei ya siku hiyo.